Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Somo la Sensa ya Kranki

Siku hizi magari madogo ni mengi vijijini. Yanabeba abiria, mboga, mbolea na wagonjwa. Mengi ni ya petroli, na ndani yake mna kompyuta inayoongoza injini. Gari la namna hiyo linaweza kugoma ghafla hali betri ni nzima na mafuta yamo tangini. Unapiga stata, injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki.

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima wa nyanya kina gari moja. Alfajiri ya siku ya gulio gari linagoma. Fundi wa kwanza anasema, "Hii ni pampu ya mafuta." Wanakikundi wanachanga fedha, pampu inanunuliwa, gari haliwaki. Fundi wa pili anasema, "Hizi ni plagi." Plagi zinanunuliwa, gari bado haliwaki. Siku ya tatu anakuja fundi mwingine. Anainama chini ya injini na kuona waya mmoja mwembamba umetafunwa na panya. Waya huo unatoka kwenye sensa ya kranki. Anauunga, gari linawaka. Lakini nyanya zimekwisha kuoza, na fedha za pampu na plagi hazirudi.

Kosa liko wapi? Watu walinunua kabla ya kupima.

Somo hili halitakufanya fundi kwa siku moja. Litakuwezesha kusimama pembeni ya fundi, kusoma namba za mita kwa macho yako mwenyewe, na kuuliza, "Fundi, umepima? Umepata ngapi?" Na kijana anayejifunza kazi gereji atapata hapa msingi wa kuanzia.

1. KRANKI NA SENSA YAKE

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka. Chini yake kuna mhimili mzito wa chuma uliopindwapindwa. Huo ndio krankishafti, au kwa kifupi kranki. Kazi yake ni kugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe mwendo wa kuzunguka. Fikiria pedeli za baiskeli: miguu yako inapanda na kushuka, gurudumu linazunguka. Pistoni ni miguu, kranki ni ile mikono ya pedeli.

Sasa kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, inatakiwa kutoa cheche kwenye plagi kwa wakati wake. Cheche ikiwahi sana au ikichelewa sana, injini haifanyi kazi. Kwa hiyo kompyuta lazima ijue pistoni iko wapi kila wakati. Lakini kompyuta haina macho. Jicho lake ni sensa ya kranki. Neno sensa hapa lina maana ya kihisi, yaani kifaa kinachohisi jambo na kupeleka habari zake kwa umeme. Wala si sensa ile ya kuhesabu watu.

Kwenye kranki kumefungwa gurudumu lenye meno. Sensa imefungwa pembeni mwa meno hayo, karibu sana bila kugusa. Nafasi iliyopo huwa kama milimita moja tu, mara nyingine pungufu, mara nyingine zaidi kidogo. Kila jino likipita mbele ya sensa, sensa inapeleka dokezo moja la umeme. Kompyuta inahesabu.

Lakini itajuaje duara limeanzia wapi? Hapo pana akili nzuri. Watengenezaji wameacha pengo. Injini nyingi za Toyota zina nafasi za meno 36, lakini mawili hayakuwekwa, kwa hiyo meno ni 34. Magari mengi ya Ulaya yana nafasi 60, mawili hayapo, meno ni 58. Pengo likipita, kompyuta inatambua, "Hapa ndipo pa kuanzia," kisha inahesabu upya.

Je, kila injini ina sensa hii? Hapana. Mashine nyingi za kusaga za dizeli hazina. Matrekta ya zamani hayana. Magari ya zamani ya kabureta na platini hayana. Lakini karibu magari yote ya petroli yenye kompyuta yanayo, na hata dizeli za kisasa zinayo.

2. AINA MBILI ZA SENSA

Aina ya kwanza ni sensa ya sumaku. Wengi wetu tunaijua dainamo ya baiskeli. Tairi ikizungusha dainamo, taa inawaka. Ukienda pole pole taa inafifia. Ukiongeza mwendo inang'aa. Ndani ya dainamo kuna sumaku na waya wa shaba uliosokotwa mara nyingi. Sumaku ikichezacheza karibu na waya, umeme unazaliwa. Jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831.

Sensa ya sumaku ni ndugu mdogo wa dainamo. Ina sumaku na koili ya waya mwembamba sana. Jino la chuma likipita, nguvu ya sumaku inabadilika na umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji kupewa umeme, inazaa wake. Kwa kawaida ina nyaya mbili.

Aina ya pili ni sensa ya Holi. Jina linatokana na Edwin Hall wa Marekani, aliyegundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita ndani ya kipande cha madini. Sensa hii haizai umeme. Ni lazima ilishwe, kwa volti 5 au volti 12 kutegemea gari. Kwa hiyo ina nyaya tatu: wa kulisha, wa hasi, na wa dokezo linalokwenda kwenye kompyuta.

Angalizo: usihesabu nyaya tu ukaridhika. Baadhi ya sensa za sumaku zina waya wa tatu, ambao ni wavu wa kuzuia vurugu za umeme wa jirani. Tutaona chini jinsi ya kuzitofautisha.

3. DALILI ZA UGONJWA

Dalili kubwa ni hizi:

(a) Stata inazungusha injini vizuri, lakini haiwaki kabisa.
(b) Gari linazimika likipata moto. Ukingoja nusu saa lipoe, linawaka tena kama halikuwa na neno.
(c) Unapopiga stata, mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini kwenye dashibodi haunyanyuki hata kidogo. Kwenye magari mengi injini nzima huunyanyua kidogo.
(d) Injini inashtuka au kukatakata njiani.
(e) Taa ya injini kwenye dashibodi imewaka.

Dalili (b) inasumbua watu wengi. Sababu yake mara nyingi ni hii: waya mwembamba ndani ya koili umekatika, ila ncha mbili bado zinagusana. Sensa ikipata moto, vitu vinatanuka na ncha zinaachana. Ikipoa, zinagusana tena. Ndiyo maana gari linamwaibisha dereva njiani, halafu likifika kwa fundi linawaka.

Hebu fikiri gari la namna hiyo limebeba mama mjamzito usiku kwenda hospitali. Likizimika katikati ya pori, nusu saa ya kungoja lipoe ni muda mrefu mno. Kwa hiyo gari likianza mchezo huo, lisiendelee kubeba watu mpaka lipimwe.

Fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu anaweza kukuonyesha namba P0335. Soma vizuri. Namba hiyo haisemi "sensa imekufa". Inasema kuna kasoro kwenye mzunguko wa umeme wa sensa ya kranki. Kasoro inaweza kuwa sensa, waya, soketi, meno, au hata kompyuta. P0340 ni ya sensa nyingine, ya kamshafti. Ukiwa unajua kusoma, usikubali kuambiwa tu. Omba uione namba mwenyewe, na uiandike.

4. KABLA YA KUSHIKA CHOCHOTE

Vaa nguo za kubana. Mikono mirefu, kanga na mitandio ikae mbali na feni na mikanda. Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru au kwenye P. Ukiingia chini ya gari, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara. Injini iwe imepoa, isipokuwa pale somo litakapokuambia vingine. Na petroli inanuka wapi? Ikinuka, acha kazi, tafuta inapovuja kwanza.

Kisha hakikisha mambo mepesi: betri ina nguvu, fyuzi ni nzima, mafuta yamo kweli. Usije ukapima sensa saa mbili kumbe tangi ni tupu.

5. KUTAZAMA KWA MACHO

Sensa iko wapi? Mara nyingi iko mbele ya injini, chini, karibu na puli ya kranki. Kwenye magari mengine iko ubavuni mwa injini, au nyuma panapoungana injini na giaboksi. Ni kitu kidogo cha plastiki, kimefungwa kwa boliti moja, mara nyingi ya spana namba 10.

Chomoa soketi yake kwa kubonya kifungo. Usivute waya. Tazama: mna oili ndani? Mna maji, matope au kutu? Vipini vimepinda? Halafu fuata waya kwa macho na vidole mpaka unapopanda juu. Tafuta mahali palipotafunwa na panya, palipoungua kwa kugusa bomba la moshi, au palipochubuliwa na chuma.

Fungua boliti, toa sensa. Tazama pua yake. Sensa ina sumaku, kwa hiyo vumbi la chuma hunata hapo na kuifunika. Futa kwa kitambaa safi. Kama pua imekwaruzwa, ujue meno yanaigusa. Tazama tundu lake kwa tochi. Meno yamevunjika? Gurudumu linachezacheza? Kama ndivyo, sensa mpya haitasaidia.

6. KUIJUA MITA

Mita ndogo ya umeme inauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Ina waya mwekundu na mweusi, na kitufe kikubwa cha kuzungusha. Mambo matatu tunayohitaji ni haya:

Alama Ω ni ya omu. Hupima ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita.

Alama V yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake ni volti za mkondo mnyoofu, kama wa betri.

Alama V yenye mstari wa wimbi ni volti za mkondo geu, kama wa dainamo.

Hapa pana mtego mkubwa wa namba. Tuseme sensa yako ina omu 2,200. Umeweka mita kwenye 2000. Mita itaonyesha "1" peke yake upande wa kushoto, au herufi OL. Maana yake ni: namba imezidi uwezo wa nafasi hii. Asiyejua atasema, "Waya umekatika, sensa imekufa." Kumbe sensa ni nzima! Sogeza kitufe mpaka 20k. Herufi k maana yake ni elfu. Sasa mita itaandika 2.20, yaani elfu mbili na mia mbili. Ikibaki "1" hata kwenye 20k na 200k, hapo ndipo useme imekatika.

7. KUPIMA SENSA YA SUMAKU

Hatua ya kwanza: omu. Swichi imezimwa, soketi imechomolewa. Weka mita kwenye 20k. Gusisha ncha mbili za mita kwenye vipini viwili vya sensa. Sensa nyingi za aina hii huwa kati ya omu mia kadhaa na omu elfu mbili na zaidi kidogo. Namba kamili iko kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Kama huna kitabu, pima sensa nzima ya gari la aina ileile na injini ileile, ulinganishe.

- Mita ikionyesha "1" au OL kwenye nafasi zote: koili imekatika.
- Ikionyesha sifuri au karibu na sifuri: nyaya za ndani zimegusana.
- Ikionyesha namba ya kawaida: endelea, usikimbilie kusema ni nzima.

Hatua ya pili: ncha moja kwenye kipini cha sensa, nyingine kwenye chuma cha injini. Mita isionyeshe chochote zaidi ya "1" au OL. Rudia kwa kipini cha pili. Ikileta namba, umeme wa sensa unavuja kwenda kwenye chuma.

Hatua ya tatu: kupima ikiwa na moto. Hii ni kwa gari linalozimika likichemka. Likizimika tu, chomoa soketi upime hapo hapo, ukijihadhari na bomba la moshi. Shaba ikipata moto ukinzani wake hupanda. Sensa iliyokuwa 1.90 asubuhi inaweza kusoma 2.30 ikiwa moto sana. Hilo si kosa. Lakini ikiruka kutoka 1.90 ikawa "1" peke yake, umeshika mwizi.

Hatua ya nne: volti. Sensa irudi mahali pake na boliti ikazwe, soketi ibaki imechomolewa. Toa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Weka mita kwenye volti za mkondo geu. Mita nyingi za bei nafuu zina 200 na 750 tu upande huo. Chagua 200. Shika ncha kwenye vipini vya sensa, nyaya za mita ziwe mbali na mikanda. Mwenzako apige stata kwa sekunde tano. Namba inatakiwa kunyanyuka: sehemu za kumi za volti, mathalani 0.3 au 0.5, hata volti moja na zaidi. Ikibaki 0.0 ingawa injini inazunguka vizuri, sensa haizai umeme, au meno yako mbali, au meno hayazunguki.

Usijaribu hatua hii kwa kuzungusha injini kwa mkono. Kumbuka dainamo: ukienda pole pole taa haiwaki.

8. KUPIMA SENSA YA HOLI

Hapa kanuni ni tofauti. Usiipime kwa omu. Ndani yake mna vitu laini vya elektroniki, na namba ya omu haikuambii kitu.

Kwanza pima chakula chake. Chomoa soketi. Washa swichi bila kupiga stata. Mita iwe kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Ncha nyekundu gusisha kipini kimoja kimoja cha soketi ya upande wa gari, si upande wa sensa. Kipini kimoja kilete karibu volti 5 au volti 12. Kimoja kilete sifuri, hicho ni hasi. Kile cha dokezo kwenye magari mengi nacho huleta karibu volti 5, zinazotoka kwenye kompyuta. Kama hakuna kipini chenye volti za kulisha, usinunue sensa. Kosa liko kwenye waya, fyuzi au kompyuta. Mwenye njaa hatibiwi kwa dawa, anapewa chakula.

Ili kuhakikisha hasi, hamisha ncha nyekundu iwe kwenye chanya ya betri na ile nyeusi kwenye kipini cha hasi. Mita isome volti za betri, kama 12. Ikisoma pungufu sana, hasi ni mbovu.

Pili, pima dokezo. Zima swichi. Toa fyuzi ya pampu na uchomoe soketi za koili za plagi, ili injini isije ikashtuka na kukuvunja mkono. Rudisha soketi ya sensa. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya wa dokezo, bila kutoboa ngozi ya waya. Washa swichi. Kwa spana ya boksi zungusha boliti ya puli pole pole, upande wa kukaza, si wa kulegeza. Mita inatakiwa kurukaruka: karibu 0, halafu karibu 5 (au 12), halafu 0 tena, kila jino linapopita. Ikikaa palepale bila kuruka, na chakula kipo, na meno ni mazima, basi sensa imekufa.

9. KUPIMA NYAYA

Sensa ikionekana nzima, geukia nyaya. Ondoa waya wa hasi wa betri. Chomoa soketi ya sensa na soketi ya kompyuta. Gusisha kwanza ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe kwenye nafasi ya 200. Ukipata 0.4, hizo ni omu za nyaya za mita, uzitoe kwenye hesabu. Sasa pima kila waya toka soketi mpaka kompyuta. Isizidi omu moja. Halafu pima waya mmoja kwa mwingine, na kila waya kwa chuma cha gari. Hapo pasiwe na njia. Ila waya wa hasi wa sensa ya Holi, na ule wa wavu, kwenye magari mengine vimefungwa kwenye chuma, kwa hiyo vikionyesha njia si kosa.

Wakati unapima, mwenzako azitikise nyaya. Namba ikirukaruka, mkono wake umefika penye ugonjwa.

Onyo: usitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye nyaya za kompyuta. Balbu inanyonya umeme mwingi na inaweza kuiunguza. Wala usiiguse sensa na waya kutoka betri moja kwa moja "kuona kama inafanya kazi". Wengi wameziua sensa nzima kwa njia hiyo.

10. KUUNGA NYAYA VIZURI

Dokezo la sensa ni dogo sana. Ni kama mtu anayenong'ona. Akinong'ona karibu na ngoma, hasikiki. Ngoma ni nyaya za plagi, altaneta na stata. Kwa hiyo fuata kanuni hizi:

(1) Kabla ya kukata chochote, chora picha ya soketi kwenye daftari. Andika rangi ya kila waya na mahali pake. Usiamini rangi za gari jingine, kila mtengenezaji ana zake.
(2) Kata na uunge waya mmoja mmoja, usikate zote kwa pamoja.
(3) Usibadilishane nyaya mbili za sensa ya sumaku. Utasema, "Si zote ni koili moja?" Hapana. Ukizigeuza, dokezo linageuka juu chini, na kompyuta inaweza kukosea mahali pa jino. Injini itagoma au itakosa nguvu. Kwenye sensa ya Holi kukosea ni hatari zaidi, unaweza kuiua papo hapo.
(4) Tumia waya wa unene uleule. Unga kwa risasi ya kulehemu, kisha vika mpira unaobana kwa joto. Kuzungusha waya kwa vidole na kufunga nailoni hakudumu. Maji yataingia, kutu itakula.
(5) Kama nyaya zilikuwa zimesokotwa pamoja, zisokote tena. Kama zina wavu, wavu ubaki, na ufungwe kwenye hasi upande mmoja tu, kama ulivyokuwa.
(6) Zipitishe njia ile ile ya zamani, uzifunge zisiguse bomba la moshi wala mkanda.

Ukiweka sensa mpya, safisha tundu, paka oili kidogo kwenye oringi yake, isukume kwa mkono mpaka ikae sawasawa. Usiigonge kwa nyundo. Kaza boliti kwa kiasi tu, maana plastiki hupasuka. Rudisha fyuzi na soketi zote, funga betri, washa. Baadaye fundi afute namba ya hitilafu. Kuna magari yanayotaka kompyuta ifundishwe sensa mpya kwa mashine.

11. ANDIKA

Ndugu msomaji, kalamu nayo ni chombo cha gereji. Daftari la gari liwe na mistari kama hii:

Tarehe. Dalili. Omu ikiwa baridi. Omu ikiwa moto. Volti wakati wa stata. Waya wa kwanza. Waya wa pili. Kilichotengenezwa. Fedha iliyotumika. Jina la fundi.

Kikundi kikiwa na daftari hilo, mhasibu anajua fedha zimekwenda wapi. Fundi mwema hatachukia kuandikiwa, atafurahi. Na gari likiugua tena, mnalinganisha namba za leo na za mwaka jana. Mali bila daftari huisha bila habari.

12. HESABU KIDOGO

Duara lina digrii 360. Gawanya kwa nafasi 36: 360 ÷ 36 = 10. Kila jino ni digrii 10.

Injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwa sekunde moja ni 3,000 ÷ 60 = 50. Kila mzunguko una meno 34. Kwa hiyo 50 × 34 = 1,700. Meno 1,700 yanapita mbele ya sensa kila sekunde! Na kompyuta inayahesabu yote. Waya mmoja uliochubuka unatosha kuvuruga hesabu hiyo.

MASWALI

1. Sensa ya kranki inamweleza nani habari, na habari gani?
2. Kwa nini watengenezaji huacha pengo kwenye meno?
3. Mita iko kwenye 20k na inasoma 2.05. Hizo ni omu ngapi?
4. Mita iko kwenye 2000 na inaonyesha "1". Je, tuseme sensa imekufa? Utafanya nini kwanza?
5. Sensa ya Holi haipati volti za kulisha. Je, tununue sensa mpya?
6. Gurudumu lina nafasi 60. Kila nafasi ni digrii ngapi?

MAJIBU: 1. Kompyuta ya injini. Mahali kranki ilipo na mwendo wake. 2. Ili kompyuta ijue mahali pa kuanzia kuhesabu. 3. Omu 2,050. 4. Hapana, nitasogeza kitufe kwenye 20k na kupima tena. 5. Hapana, tutafute kwanza kosa la waya, fyuzi au kompyuta. 6. Digrii 6.

MANENO YA KUKUMBUKA

Dokezo: habari fupi inayopelekwa kwa umeme.
Koili: waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi.
Mkondo geu: umeme unaobadili mwelekeo mbele na nyuma.
Ukinzani: hali ya kitu kuzuia umeme usipite, hupimwa kwa omu.
Wavu: nyuzi za chuma zinazozunguka waya ili kuukinga na umeme wa jirani.

Someni somo hili kwa pamoja katika kikundi chenu, mmoja asome kwa sauti, mwingine ashike mita. Anzeni na sensa mbovu iliyotupwa gereji. Mkizoea kusoma namba zake, siku gari lenu litakapogoma hamtakimbilia dukani. Mtapima kwanza.